Tigerbelles wa Tennessee State na Ukumbi wa Heshima wa Michezo wa Chuo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila zikitajwa habari za wanawake wa riadha wa chuo cha Tennessee State, maswali yanayokuja ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa kwa pamoja. Wengi wanamjua Wilma Rudolph tu. Ni sawa kuanzia kwake, ila naomba usiishie kwake, fika mpaka kwa Wyomia Tyus maana huyo ndo ananiuma kila nikiona amesahaulika.

## Mambo ya msingi

Ukumbi wa Heshima wa michezo wa chuo ni nini hasa?

Ni orodha ya wanamichezo na makocha ambao chuo kimeamua wasisahaulike. Vyuo vingi sana vya Marekani vinao. Kuna mahali ni chumba kabisa, vikombe na jezi zimewekwa kwenye makabati ya vioo, na kuna mahali ni ukuta tu wenye vibao vya shaba pembeni ya korido ya kuingilia uwanja wa ndani. Wanaoingizwa wapya huwa wanafanyiwa sherehe, wanaitwa na familia zao, wanakula pamoja na mara nyingi wanatambulishwa uwanjani wakati wa mapumziko ya mechi ili watoto wa sasa wawaone.

Usichanganye na kumbi za kitaifa. Mtu mmoja anaweza kuwa kwenye ukumbi wa chuo chake, wa jimbo lake, wa riadha ya taifa na wa Olimpiki ya Marekani, vyote kwa pamoja, na kila kimoja kina watu wake wa kuchagua. Mimi ule wa chuo naupenda zaidi kwa sababu unachaguliwa na watu waliomwona mtu akiwa na miaka 18 anakimbia asubuhi kabla ya kipindi, sio waliomwona kwenye TV akiwa tayari staa.

Tigerbelles ni kina nani?

Timu ya riadha ya wanawake ya Tennessee State University, chuo cha watu weusi kilichopo Nashville. Chuo kilianza mwaka 1912, na enzi zile za akina Wilma kilikuwa kinaitwa Tennessee A&I, jina la sasa likaja 1968. Kwa hiyo ukikuta kwenye matokeo ya zamani mmoja kaandikwa Tennessee A&I na mwingine Tennessee State, ni chuo kile kile.

Kocha alikuwa Ed Temple, alishika timu mwaka 1950 na akakaa nayo mpaka 1994, miaka 44. Kwenye kipindi chake Tigerbelles 40 walienda Olimpiki, wakarudi na medali 23, na kati ya hizo 13 ni za dhahabu. Ni chuo kimoja hicho jamani, na chenyewe hakikuwa na hela.

Mbona wakimbiaji wazuri wote walikuwa wanatoka chuo kimoja?

Kwa sababu vyuo vikubwa vilikuwa havitaki. Miaka ya 1950 msichana anayekimbia alikuwa hana pa kwenda, chuo kikubwa cha wazungu hakina timu ya riadha ya wanawake na yeye kama ni mweusi kule kusini hata darasani hapokelewi. Waliofungua mlango ni vyuo vya watu weusi. Kabla ya Tennessee State kilikuwepo chuo cha Tuskegee kule Alabama, na huko ndiko alikotokea Alice Coachman aliyeshinda kuruka juu London mwaka 1948, mwanamke mweusi wa kwanza duniani kupata dhahabu ya Olimpiki.

Temple akaongeza kitu kimoja ambacho naona ndo siri yenyewe, kambi ya likizo kwa wasichana wa sekondari. Anawaona kwenye mashindano ya shule, anawaita Nashville msimu wa joto, wanafanya mazoezi na dada zao wa chuo, na akimaliza shule binti anakuja chuoni akiwa tayari anajua kila kona. Rudolph alipitia hapo na Tyus akapitia hapo.

## Maisha yao chuoni

Walikuwa wanasomeshwa bure kwa ajili ya kukimbia?

Hapana. Hili watu wengi wanakosea, wanadhani ilikuwa kama leo. Tigerbelles walikuwa wanafanya kazi za chuo masaa mawili kila siku, ofisini, kwenye jimu, popote walipopangiwa, na hiyo ndo ilikuwa inalipia masomo. Yaani binti ana medali ya Olimpiki kabatini na bado ana zamu yake ya kazi, halafu darasa, halafu mazoezi.

Kocha mwenyewe alianza kwa dola 150 kwa mwezi, na hiyo ilikuwa ni pamoja na kusimamia posta ya chuo. Wakati wengine wa chuo wanamuona mtu wa barua, yeye jioni anatengeneza mabingwa wa dunia.

Walikuwa wanafanyia wapi mazoezi, na safari je?

Uwanja ulikuwa wa vumbi la makaa, haujachorwa mistari, na haukuwa hata duara kamili. Sasa fikiria mtu anajifunza kukata kona ya mita 200 kwenye kiwanja kama hicho halafu anaenda Olimpiki ya Roma anawashinda waliofundishwa kwenye viwanja vya maana.

Safari ndo zilikuwa mtihani. Wanatoka Nashville kwa gari, mara nyingine gari la kocha mwenyewe, wanapita majimbo ya kusini ambako hoteli hazipokei watu weusi na mgahawa hauwauzii chakula. Kwa hiyo wanafungasha chakula chao kutoka chuoni, wanakula kwenye gari, na mtu akibanwa na haja gari linasimamishwa porini anaingia kichakani. Wanafika wamechoka, wanashuka, wanashinda. Timu za Temple zilichukua mataji 34 ya taifa kwa staili hiyo.

Ni kweli kocha alikuwa mkali sana?

Mkali kweli. Ukichelewa mazoezi unakimbia mizunguko ya ziada, na masomo hayana mjadala. Alikuwa anawaambia wazi kwamba mbio zitaisha na shahada itabaki, na karibu wote waliofika Olimpiki kupitia kwake walihitimu.

Ila alijua pia wapi pa kulegeza. Wilma alipata mtoto mwaka 1958 akiwa bado sekondari, na kanuni ya timu ilikuwa haipokei wenye watoto. Temple akampokea hivyo hivyo, familia ikabaki na mtoto, na miaka miwili baadaye ikawa Roma. Angeshikilia kanuni yake siku ile sijui tungekuwa tunaongea nini leo.

## Majina yenyewe

Wilma Rudolph alikuwa hatembei kweli akiwa mtoto?

Kweli. Alizaliwa tarehe 23 Juni 1940 karibu na Clarksville, Tennessee, kabla ya siku zake, mtoto wa 20 kati ya 22 wa baba yake. Akaugua polio, mguu wa kushoto ukadhoofika, akawekewa chuma. Hospitali ya karibu ambayo ingempokea mtoto mweusi ilikuwa Nashville, kama kilomita 80, kwa hiyo mama yake akawa anampeleka kwa basi, siti za nyuma, mara mbili kwa wiki kwa muda wa miaka miwili. Nyumbani ndugu zake walipangiana zamu za kumkanda mguu mara nne kwa siku. Akiwa na miaka 12 hivi akawa anatembea bila msaada wowote.

Miaka minne tu baadaye, 1956, yuko Melbourne anachukua shaba ya kupokezana vijiti, na timu yote ile ilikuwa Tigerbelles: Mae Faggs, Margaret Matthews, Isabelle Daniels na yeye mtoto wa miaka 16.

Nini kilitokea Roma 1960?

Dhahabu tatu. Mita 100 alikimbia sekunde 11.0 lakini upepo ulizidi kwa hiyo haikuhesabiwa rekodi, mita 200 akashinda kwa 24.0, halafu ikaja ya vijiti. Na hii ya vijiti naomba tukae nayo kidogo maana wanne wote walikuwa wanatoka chuo kimoja: Martha Hudson, Lucinda Williams, Barbara Jones, Wilma Rudolph. Nusu fainali wakaweka rekodi ya dunia 44.4. Fainali ikafika mkono wa mwisho, kijiti kikayumba, Wilma ikabidi apunguze mwendo akishike vizuri, Mjerumani Jutta Heine yuko mbele, na yule dada mrefu akaanza kunyoosha zile hatua zake ndefu mpaka akampita kabla ya utepe. Sekunde 44.5.

Aliporudi Clarksville mji ukataka kumfanyia mapokezi, lakini kwa utaratibu wa kule, weusi kivyao na wazungu kivyao. Akakataa. Wakakubali, na tarehe 4 Oktoba 1960 gwaride na chakula cha jioni vikafanyika watu wote wakiwa pamoja, mara ya kwanza kwa mji ule. Alikuwa na miaka 20.

Alistaafu mbio 1962, akahitimu 1963, akafariki Novemba 1994. Ukienda Tennessee State leo kuna bweni lina jina lake, na Clarksville kuna barabara kubwa.

Wyomia Tyus ni nani, na kwa nini unamtaja taja hivyo?

Kwa sababu ni mtu wa kwanza duniani, mwanamke au mwanaume, kushinda mita 100 za Olimpiki mara mbili mfululizo. Tokyo 1964 na Mexico City 1968. Soma tena hiyo sentensi. Kabla ya Carl Lewis, kabla ya Gail Devers, kabla ya Shelly-Ann Fraser-Pryce na Usain Bolt, alikuwepo binti wa Griffin, Georgia, aliyefiwa na baba akiwa na miaka 15 na akaanza kwenda kambi ya Temple muda mfupi baadaye.

Tokyo hata hakutegemewa. Mwenye jina alikuwa mwenzake wa timu, Edith McGuire, na kocha mwenyewe alikuwa anamwona Tyus kama wa 1968. Kwenye mchujo akakimbia 11.2 akafikia rekodi ya dunia ya Rudolph, halafu fainali akashinda kwa 11.4, McGuire wa pili. McGuire akaja akachukua dhahabu ya mita 200. Yaani mbio fupi zote mbili zilienda kwa mabinti wa kocha yule yule.

Mexico City mvua ilikuwa inanyesha. Wenzake wamekunja sura nyuma ya mstari, yeye akawa anacheza dansi kidogo kulegeza mwili, halafu mlio ukalia akatoka na rekodi ya dunia, 11.0. Siku zile zile wakimbiaji weusi wa Marekani, Tommie Smith na John Carlos, wakainua ngumi zao kwenye jukwaa la medali kupinga ubaguzi, wakafukuzwa. Tyus alikimbia amevaa kaptula nyeusi badala ya nyeupe za timu, na baada ya dhahabu ya vijiti akasema hadharani kwamba medali yao wanawapa Smith na Carlos. Ngumi za wanaume zikabaki kwenye kila picha, ya kwake ikapita kimya kimya. Na ile ya kushinda mara mbili nayo ikapita kimya, mpaka Lewis alipofanya hivyo hivyo 1988 ndo watu wakaanza kuuliza kama kuna aliyewahi kabla yake.

Chuo chake hakikumsahau, kwenye Ukumbi wa Heshima wa Tennessee State yumo, na wa riadha ya taifa aliingia 1980. Kwao Griffin kuna bustani kubwa ya michezo yenye jina lake.

Hizo dhahabu 13 ni za nani na nani?

Hesabu mwenyewe. Roma 1960, Rudolph tatu, na Hudson, Williams na Jones moja moja kwa vijiti, hizo sita. Tokyo, Tyus moja na McGuire moja. Mexico City, Tyus mbili (ya mita 100 na ya vijiti) na Madeline Manning moja ya mita 800. Los Angeles 1984, Chandra Cheeseborough mbili, ya vijiti 4x100 na 4x400. Jumla 13.

Manning na Cheeseborough wamefanya nini kingine?

Manning anastahili zaidi ya mstari mmoja. Zamani watu walikuwa wanasema Wamarekani weusi ni wa mbio fupi tu, na wanawake ndo kabisa, mita 800 ziliondolewa Olimpiki baada ya 1928 na hazikurudi mpaka 1960 kwa madai kwamba mwili wa mwanamke hauziwezi. Manning akaenda kule Mexico City kwenye hewa nyepesi, akashinda kwa 2:00.9 na nafasi kubwa nyuma yake.

Cheeseborough, mbali na dhahabu zake mbili, alipata fedha ya mita 400 hapo hapo Los Angeles, halafu Temple alipoondoka 1994 yeye ndo akashika timu. Alikuwa mwanafunzi wa kocha, akawa kocha.

Mae Faggs mbona hatajwi sana?

Sijui kwa nini, maana wenyewe Tigerbelles walikuwa wanamwita mama wa timu. Alishafika Olimpiki ya 1948 na kushinda dhahabu ya vijiti 1952 kabla ya kujiunga na chuo, kwa hiyo alipofika Nashville ndo alikuwa anajua dunia ikoje. Melbourne 1956 akawa mwanamke wa kwanza wa riadha wa Marekani kufikisha Olimpiki tatu. Wilma akiwa mdogo na mwoga ndiye aliyekuwa anamfuata nyuma kila mahali. Ukumbi wa riadha ya taifa ulimwingiza 1976.

## Sheria na mabadiliko

Title IX ni nini na inahusikaje hapa?

Ni sheria ya Marekani ya tarehe 23 Juni 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inayopata hela za serikali kuu. Maneno yake yenyewe hayataji michezo popote, lakini ilipoanza kutekelezwa vyuo vikalazimika kuwapa wanawake timu, viwanja na ufadhili. Tarehe hiyo, kama umeona, ni siku ya kuzaliwa ya Wilma, alikuwa anatimiza miaka 32 na amestaafu miaka kumi nyuma.

Chama kikubwa cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianza kuandaa ubingwa wa wanawake wa vyuo vya daraja la kwanza msimu wa 1981-82 tu. Kwa hiyo ukiona kwenye wasifu wa Tyus hakuna taji la NCAA usidhani alishindwa, halikuwepo la kushindania.

Kwa nini basi kumbi nyingi zina wanaume wengi kuliko wanawake?

Jibu la hapo juu ndo sababu kubwa. Vyuo vingi vilihesabu rekodi za kwenye timu rasmi, na wanawake hawakuwa na timu rasmi. Kamati zikaja zikashtuka miaka ya baadaye, zikaanza kurudi nyuma kutafuta waliocheza miaka ya 1960 kwa nauli zao wenyewe. Tennessee State ilikuwa na bahati ya kinyume, wanawake wake ndo walikuwa maarufu kuliko karibu wanaume wote, ukimtoa mtu kama Ralph Boston wa kuruka chini (kuruka umbali).

## Maswali ya pembeni

Mtu akihama chuo kabla ya kumaliza, anahesabiwa wa wapi?

Inategemea kanuni za chuo, kuna wanaodai shahada na kuna wanaoangalia ulichofanya ukiwa kwao. Mfano mzuri ni Willye White. Alipata medali ya fedha ya kuruka chini Melbourne 1956 akiwa msichana wa Mississippi wa kambi ya Temple, akaanza chuo Tennessee State, akahama, akaja kuchukua shahada Chicago State mwaka 1976. Katikati hapo alienda Olimpiki tano. Watu wa Nashville wanamhesabu na watu wa Chicago wanamhesabu, na mimi sioni ubaya wowote.

Inabidi kusubiri muda gani baada ya kumaliza?

Vyuo vingi vinataka miaka mitano au kumi ipite. Wazo ni kwamba wachague kwa kichwa kilichotulia. Makocha huwa wanasubiri mpaka wastaafu.

Aliyefariki anaweza kuingizwa?

Ndiyo, familia inapokea. Ndo maana nawaambia wenye mama na bibi zao waliocheza wasingoje, maana kibao kinachopokelewa na mjukuu ni kizuri lakini mwenyewe angekuwepo ingekuwa bora zaidi.

Timu nzima inaweza kuingizwa badala ya mtu mmoja?

Kwenye vyuo vingi ndiyo, na kwa mbio za vijiti naona ndo haki yenyewe. Ukimweka Rudolph peke yake kwa ile 44.5 utakuwa umemtoa Martha Hudson aliyeanza, binti mfupi kuliko wote wanne.

Kuna uhusiano wowote na wanawake wa kwetu Afrika Mashariki?

Upo. Mexico City 1968, siku zile zile ambazo Tyus na Manning walikuwa wanashinda, ndo Kenya ilipeleka wanawake Olimpiki kwa mara ya kwanza: Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai.

Na baadaye mlango wa vyuo ukafunguka kwa mabinti wa kwetu pia. Sally Kipyego alitoka Kenya akaanza chuo kidogo cha South Plains huko Texas, akahamia Texas Tech, akachukua mataji tisa ya NCAA ya mtu binafsi, matatu kati ya hayo ni ya mbio za nyika mfululizo 2006 mpaka 2008, huku anasoma unesi. Baada ya hapo akapata medali ya fedha ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya London 2012. Aliphine Tuliamuk naye alipita Wichita State na mwaka 2020 akashinda mchujo wa marathoni ya Olimpiki ya Marekani, Kipyego akiwa wa tatu siku hiyo hiyo. Kuwa mgeni hakukuzuii kuingia ukumbi wa chuo, wanaangalia ulichokifanyia chuo.

Nataka kumpendekeza mtu, naanzia wapi?

Idara ya michezo ya chuo husika ndo inapokea majina, na mara nyingi mtu yeyote anaruhusiwa kupendekeza, sio lazima uwe umesoma pale. Jaza jina alilokuwa anatumia akiwa mwanafunzi, hili ni muhimu sana kwa wanawake maana wengi walibadili majina baada ya ndoa na rekodi zao zimebaki kwa jina la baba. Weka miaka aliyocheza, mashindano na muda au nafasi aliyoshika, na kama kuna picha au kipande cha gazeti kiambatanishe. Kwa waliocheza kabla ya 1972 usitegemee chuo kiwe na kumbukumbu, tafuta magazeti ya mji ule na vitabu vya mwaka vya wanafunzi, na kama wenzake wa timu bado wapo hai waombe waandike barua wenyewe. Likikataliwa mwaka huu, kwenye vyuo vingi unaweza kulirudisha mwakani.